Uzi: Nasoma uhandisi wa umeme ila akili yote iko kwenye nyota na setilaiti, huko kuna ajira ya watu wetu kweli?

KijanaWaMbeya

Wakuu heshima kwenu. Nipo mwaka wa tatu nasoma umeme hapa Dar, na tangu nipo mdogo mambo ya nyota na setilaiti ndo yananikosesha usingizi. Sasa kila nikimuuliza mtu naambiwa hayo ni ya watu wa fizikia, wewe umesomea nyaya nenda kapande nguzo. Darasani wengi wanawaza sola, migodi na mitandao ya simu, siwadharau, wote tunatafuta ugali. Ila nataka kusikia kwa mtu anayejua: injinia wa umeme huko anafanya nini hasa? Mwaka wa nne nichague masomo gani? Na mtu wa Afrika Mashariki anaingilia mlango upi? Tafadhali msiniambie "omba NASA", hiyo nshajibiwa sana.

SpanaMkononi

Dogo omba NASA 😂😂

Serious sasa. Mtaani kwenu mvua ikinyesha umeme unakata, we unawaza darubini. Nenda fildi mgodini, utanishukuru ukipata salio.

FundiDesibeli

Spana acha kumkatisha tamaa mtoto wa watu. Dogo kaa vizuri hii ni ndefu kidogo.

Kwanza aliyekwambia nyota ni za watu wa fizikia tu muulize astronomia ya redio ilianzia wapi. Ilianzia kampuni ya simu. Karl Jansky alikuwa Bell Labs Marekani, kazi aliyopewa ni kutafuta kelele inayosumbua simu za redio zinazovuka Atlantiki, akajenga antena inayozunguka, akaorodhesha radi za karibu na za mbali, ikabaki kelele moja haieleweki. Mwaka 1933 akatangaza inatoka huko kwenye galaksi yetu, Njia ya Maziwa. Wanafizikia wengi hawakushtuka. Aliyeshtuka ni Grote Reber, injinia wa redio, 1937 akajenga dishi la mita 9 hivi uani kwao Wheaton, Illinois, kwa hela yake, na kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake duniani anayefanya hiyo kazi. Hao ni watu wetu kabisa.

Sasa kazi zenyewe. Chukua MeerKAT kule Karoo, Afrika Kusini, madishi 64 ya mita 13.5 kila moja, yalizinduliwa 2018. Mawimbi yanayofika pale ni dhaifu mno, kipimo chao kinaitwa jansky na kimoja ni wati 10 kwa kipeo cha hasi 26 kwa mita mraba kwa hezi moja. Yaani simu yako ukiiweka mwezini bado ingekuwa kituo kikali kuliko karibu kila kitu wanachokitafuta angani. Ile LNB fundi dishi anayoifunga mbele ya dishi la king'amuzi, ndo kitu hichohicho kiko pale, ila ampilifaya ya kwanza imetiwa kwenye chombo cha baridi cha karibu kelvini 20, nyuzi 250 hasi na ushee, kwa sababu joto la vifaa lenyewe ni kelele na lingemeza kila kitu. Kuna mtu kazi yake ni ampilifaya hiyo tu. Mwingine kazi yake ni pampu ya baridi na vihisi vyake. Mwingine ni honi inayopokea mawimbi.

Halafu mawimbi yanageuzwa dijitali palepale kwenye dishi, yanatumwa kwa faiba hadi jengo moja limefichwa nyuma ya kilima, huko kuna bodi za FPGA zinalinganisha kila dishi na kila dishi lingine, kwa madishi 64 hizo ni jozi 2,016, kwa wakati mmoja. FPGA kama hujafika huko ni chipu ambayo sakiti yake unaipanga wewe kwa kuandika VHDL au Verilog. Anayeijua hiyo vizuri hakai njaa, kwenye nyota au kwenye mitandao ya simu.

Bado motoa zinazozungusha dishi. Bado saa, maana madishi yote lazima yahesabu muda sawasawa kupita kiasi. Mnajimu, namaanisha mwanaastronomia sio wa nyota za magazeti, anakuja mwisho kabisa kuchukua data.

KijanaWaMbeya

Mkuu umeniamsha. Kwa hiyo RF (mambo ya mawimbi ya redio) na FPGA. Vipi upande wa power? Maana mimi mashine na power sistimu ndo napata A, fildi theory imenipiga sapu 😅

MamaTransfoma

Nimesubiri mtu aulize. Huwa watu wakisikia anga wanakimbilia antena, hakuna anayeuliza hiyo antena inakula nini.

Mwanangu, kwenye setilaiti ndogo power ndo roho. Ile CubeSat, setilaiti ya umbo la kisanduku, sentimita 10 kila upande, paneli zake zinakupa kama wati mbili hivi. Taa ya usiku ya chumbani inakula zaidi. Na hizo wati mbili hupati muda wote, setilaiti ya obiti ya chini inazunguka dunia kwa dakika 90 na kitu, karibu dakika 35 kati ya hizo iko kivulini, kwa hiyo betri inachajiwa na kunyonywa mara kama 15 kila siku. Piga hesabu kwa mwaka, ni zaidi ya mara elfu tano. Betri ya sola ya kijijini ingekuwa imekufa zamani, ndo maana wanainyonya kidogo tu kila mzunguko.

Kontrola ya kuvuta nguvu ya juu ya paneli, ile MPPT unayofundishwa kwa ajili ya sola za vijijini, ni ileile. Kinachobadilika ni mazingira. Hakuna hewa, kwa hiyo feni haina maana, joto la konvata lazima litembee kwenye shaba ya bodi hadi kwenye fremu. Betri za lithiamu ukizichaji zikiwa chini ya sifuri unaziua, kwa hiyo wanaweka hita ndogo, na hita nayo inakula zile wati mbili. Kapasita zenye majimaji ndani wanazikwepa. Hata kuchomea, huku chini tumeambiwa tuache risasi (ile metali) kwa ajili ya afya na mazingira, huko juu bado wanaipenda kwa sababu bati tupu linaota vinywele vyembamba vinavyokuja kupiga shoti baada ya miaka, na fundi wa kwenda kuvikwangua hayupo.

Halafu kuna mionzi. Chembe moja inapita kwenye chipu, sakiti inajifungia kama swichi, karenti inapanda, chipu inaungua. Dawa yake ni sakiti ya ulinzi inayokata umeme haraka na kurudisha. Hiyo ni protection, rilei na breka zilezile unazosoma, ila kwa milisekunde na kwa voti 3.3.

Darubini kubwa nazo zina watu wa power. ALMA kule Chile, antena 66 kwenye mwinuko wa mita 5,000, haijaunganishwa gridi, wana mitambo yao ya kuzalisha. Na laini za umeme kwenye darubini ya redio ni adui, insuleta ikipasuka au kiungo kikilegea inatoa cheche ndogo na hiyo cheche ni redio, kwa hiyo anahitajika injinia anayejua kufukia, kukinga na kupima. Nimefanya kazi ya laini miaka mingi, huo ujuzi wa kutafuta kiungo kinachotoa cheche watu wanaudharau mno.

SpanaMkononi

Mama umeniweza. Ila swali langu hamjalijibu, nani anaajiri? Mnampa dogo stori za kelvini 20, sivii anaipeleka wapi?

NyotaYaMalindi

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Spana swali lako ni la haki lakini ukiongea ni kana kwamba haya mambo yako mbali sana. Huku kwetu Ngwana, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa wanarusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza duniani ya kuangalia nyota kwa eksirei ilitoka hapo, ikapewa jina Uhuru. Na mkuu wa mradi upande wa NASA alikuwa mama mmoja, Marjorie Townsend, injinia wa UMEME, mwanamke wa kwanza kumaliza uhandisi pale George Washington University, 1951. Ndiye aliyeipa jina. Walichagua hapa kwa sababu ikweta inaipa roketi msukumo wa bure na pia obiti ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi ambayo ingechafua vipimo. Riccardo Giacconi aliyeongoza sayansi yake alipata Nobel 2002.

Kituo bado kipo, kinaitwa Luigi Broglio, siku hizi kazi ni kupokea na kufuatilia. Darubini ya Swift iliyorushwa 2004 data zake zilikuwa zikishushwa hapo Malindi. Mtu wa dishi, wa umeme wa dharura, wa faiba, hao wote wanahitajika kituoni, na hawaangalii nyota hata moja.

Kenya Space Agency ipo tangu 2017. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa setilaiti ndogo 1KUNS-PF, ikaachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018 kwa msaada wa Japani na Umoja wa Mataifa, wakishirikiana na Waitaliano. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023, hiyo ilitengenezwa pamoja na kampuni ya Bulgaria ikapanda Falcon 9. Rwanda walikuwa na RWASAT-1 2019. Uganda wakapeleka mainjinia watatu Japani, chuo cha Kyushu Institute of Technology, wakaja na PearlAfricaSat-1, ilipaa Novemba 2022.

SpanaMkononi

Sawa, na baada ya hiyo setilaiti moja kila nchi, hao mainjinia wako wapi sasa? Ndo ninachosema. Mradi unaisha, picha na waziri zinapigwa, watu wanarudi kufunga CCTV.

FundiDesibeli

Hapo Spana kaongea ukweli na nisingependa dogo aupite juujuu. Setilaiti moja sio ajira, ajira ni setilaiti ya pili na ya tatu. Kwa nchi nyingi za kwetu timu inafundishwa kwa hela nyingi halafu bajeti ya mwendelezo haipo. Ndo maana mimi siku zote nasema usijifunze "anga", jifunze kitu ambacho anga inakihitaji na mtaa nao unakihitaji. Mtu wa RF, TCRA (wadhibiti wa mawasiliano Tanzania) wanamhitaji, Communications Authority ya Kenya wanamhitaji, kampuni za VSAT (mawasiliano ya setilaiti kwa dishi dogo), minara, viwanja vya ndege. Mtu wa power elektroniki yuko kwenye sola na pikipiki za umeme.

Sasa milango, niseme wazi ili mtu asipoteze miaka.

Marekani: kampuni za roketi na setilaiti zinabanwa na sheria ya kudhibiti teknolojia ya silaha, ITAR. Kwa vitendo wanaajiri raia, wenye grini kadi, na waliopewa hifadhi au ukimbizi. GPA yako ya 4.9 haihusiki. Mtu aliyeko huko na ameshapata makaratasi, huyo milango iko wazi, na najua diaspora wapo humu ndani. Ulaya, ESA (shirika lao la anga) inaajiri raia wa nchi wanachama kwa kawaida, ila vyuo na kampuni ndogo za huko ni habari nyingine, zinachukua watu kupitia masta na PhD.

Japani: kuna ufadhili wa Umoja wa Mataifa na serikali ya Japani wa kusomea setilaiti ndogo hapo Kyushu, masta au PhD, umelengwa kwa nchi kama zetu. Waganda walipita mlango wa chuo hichohicho. Huu ndo mlango ninaoupenda kwa sababu unashika setilaiti kwa mikono, sio kusoma tu.

Afrika Kusini: chuo cha Stellenbosch, idara ya umeme ndo ilijenga setilaiti ya SUNSAT iliyorushwa 1999, na pale mjini kumezaliwa kampuni kama CubeSpace zinazouza vifaa vya kuongoza setilaiti dunia nzima. Cape Town kuna chuo cha teknolojia cha CPUT, setilaiti za ZACube-1 ya 2013 na ZACube-2 ya 2018 ni za wanafunzi wao na wahandisi wao.

Na SKA, ile darubini kubwa ya redio ya Afrika Kusini na Australia, ujenzi ulianza Desemba 2022, upande wa Karoo madishi 197 ukijumlisha hayo 64, upande wa Australia antena 131,072 zenye umbo la mti wa Krismasi. Kenya iko kwenye zile nchi nane washirika za Afrika, pamoja na Msumbiji, Zambia, Ghana, Botswana, Namibia, Madagaska na Morisi. Tanzania haimo, hilo linaniuma kidogo. Mradi wa DARA wa Waingereza na Afrika Kusini umekuwa ukifundisha astronomia ya redio kwenye hizo nane na kutoa masta na PhD, kwa hiyo Mkenya kachungulie hapo.

NyotaYaMalindi

Naongezea. Ghana walichukua dishi la zamani la simu za kimataifa, mita 32, pale Kuntunse, wakaligeuza darubini ya redio, likazinduliwa 2017. Faiba za baharini ziliyafanya madishi ya aina hiyo kukosa kazi Afrika nzima. Sisi tuna Longonot kule Bonde la Ufa. Ebu fikiria kazi iliyopo kwenye kufufua dishi moja kama hilo, motoa mpya, enkoda, kontrola, risiva, radi, kutu. Hiyo ni kazi ya injinia wa umeme asilimia kubwa.

KijanaWaMbeya

Wakuu nimesoma mara mbili. Swali dogo, hao watu wa kudhibiti masafa wanahusiana vipi na nyota? Si wanakimbizana na redio za maharamia tu?

FundiDesibeli

Wanahusiana sana tena hiyo ni kazi ya kiofisi yenye pensheni. Hidrojeni angani inalia kwenye megahezi 1420, yaani wimbi la sentimita 21, na duniani kote kati ya 1400 na 1427 hairuhusiwi mtu kurusha chochote, iko kwenye kanuni za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Nani analinda? Injinia wa masafa. Green Bank kule West Virginia wana eneo la ukimya wa redio tangu 1958, karibu na darubini wanatembea na magari ya dizeli kwa sababu plagi za petroli zinatoa cheche.

Na nikupe hii ucheke. Parkes, Australia, kwa miaka walikuwa wanapata mlio wa ajabu unaofanana kidogo na ishara za kutoka mbali sana, watu wakakuna vichwa. Mwaka 2015 wakagundua ni maikrowevu. Watu wa pale wakifungua mlango kabla haijamaliza, kale kasekunde kabla haijazima, mawimbi yanatoka. Aliyezoea kupima usumbufu wa umeme, ile EMC ambayo chuoni inapewa wiki mbili mwishoni, angeanza kuchunguza jikoni siku ya kwanza.

MamaTransfoma

😂😂 Jikoni tena.

Kijana masomo ya mwaka wa nne: usikimbie fildi theory kwa sababu ya sapu, irudie na uielewe. Ukitaka njia ya power, chukua power elektroniki na kontrol, acha ile ya tarifa na uchumi wa umeme utaisoma kazini. Embedded (kuprogramu chipu za ndani ya vifaa) lazima. C lazima. Na ujifunze kuchora bodi kwa KiCad, ni ya bure. Anayeajiri haangalii umeandika "najua PCB", anakwambia leta moja uliyotengeneza.

KijanaWaMbeya

Na mradi wa mwaka wa mwisho? Nataka kitu cha kuonyesha, ila mfuko ni wa bumu, mnajua wenyewe.

FundiDesibeli

Nunua dongle ya SDR (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta), ile ya USB yenye chipu ya RTL, ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote humu. Anza na kupokea picha za hali ya hewa. Zamani tungekwambia NOAA lakini zile kuukuu zilizimwa 2025, sasa hivi watu wanafuata Meteor za Warusi kwenye 137.9. Antena ni nyaya mbili za sentimita 53 zilizofunguliwa digrii 120, Kariakoo unapata kila kitu. Ukishapata picha ya wingu lililo juu ya Ziwa Victoria kwa waya wako mwenyewe, hapo ujue umeshaingia. Baadaye jiunge SatNOGS, mtandao wa vituo vya watu binafsi, kituo chako kinapokea setilaiti za wengine na jina lako linaonekana, hiyo kwenye sivii ina uzito kuliko cheti cha semina.

Ukitaka nyota kabisa, tafuta hidrojeni ya 1420. Unahitaji dishi au honi, ampilifaya ndogo yenye filta ya hayo masafa, hiyo dongle, na programu ya wastani wa spektra, hiyo unaandika Python mwenyewe. Ukielekeza kwenye njia ya maziwa unaona nundu, na jinsi nundu ilivyosogea kutoka 1420.4 unapima mkono wa galaksi unakuja au unakwenda.

SpanaMkononi

Ngoja kwanza. Mi nina dishi la futi sita juu ya bati, la enzi zile kabla ya ving'amuzi, sasa hivi linatundikiwa nguo. Linafaa?

FundiDesibeli

Linafaa kabisa, kwa sentimita 21 litaona eneo la kama digrii 8 angani, kwa galaksi inatosha. LNB yake itoe, hiyo ni ya masafa ya C. Weka kopo mbele kwenye fokasi.

SpanaMkononi

Kijana nipo Tabata, nitumie PM uje ulibebe. Nauli ya guta juu yako.

KijanaWaMbeya

Mkuu asante sana! Sasa kopo la ukubwa gani? Na ndani ninaweka nini?

FundiDesibeli

Kipenyo sentimita 15 hadi 17, kopo la rangi la lita 4 linakaribia, pima kwanza kabla hujanunua. Pini ya shaba ya sentimita 5 na kitu, ichomelee kwenye konekta ya N, itoboe ubavuni. Umbali wa pini kutoka kitako nitakupa hesabu yake kesho, inategemea kipenyo halisi utakachopata. Rangi isafishe yote ndani, iliyokauka nayo.